Ndege ya Viti Viwili

Tukuyu, Ijumaa jioni

Mwanangu Tumpe,

Sikuulizi hali, maana nakusikia hapo jikoni ukibishana na mama yako kuhusu ndizi. Yeye anataka uende nazo, wewe unasema begi litazidi kilo. Mvua imeanza tena na mimi nimejifungia huku chumbani nikisingizia kwamba natafuta vyeti vyako. Vyeti vyako viko kwenye bahasha ya kaki juu ya meza. Nimevitafuta kwa dakika moja tu.

Habari za sweta, za kufunga mlango na za watu wa kuepuka, mama yako amezimaliza. Mimi nataka kukuandikia habari ya ndege yetu, na habari ya ile barua iliyomwondoa baba yako mdogo Lwitiko angani. Barua ile niliiandika mimi.

Nimelitanguliza hilo ili usisome kurasa zote hizi ukinionea huruma, kisha ujione umedanganywa mwishoni. Ukitaka kuacha hapa, acha. Ila nakuomba uendelee, kwa sababu kesho unakwenda kusomea urubani, na kuna siku utataka kindege chako mwenyewe. Sitaki ukipate kama nilivyokipata mimi, wala ukipoteze kama nilivyokipoteza.

Unajua nilifundisha fizikia miaka yangu yote ya kazi. Kila tulipofika kwenye mada ya hewa, nilichukua kipande cha karatasi, nikakishika chini ya mdomo, nikapuliza juu yake, kikainuka. Wanafunzi walicheka. Mimi moyoni nilikuwa sichezi. Tangu nikiwa mtoto kule Masoko nilitaka kuruka. Kupanda ndege kama abiria hakukunivutia. Nilitaka kuruka mwenyewe, asubuhi, kwa raha tu, bila kwenda popote, halafu nirudi nyumbani kunywa chai.

Lwitiko alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Tulisoma naye darasa moja mpaka la saba. Mimi nikachaguliwa, yeye akabaki. Mimi nikawa mwalimu, yeye akawa kibarua, kisha fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chai. Tulipendana, Tumpe, hilo usilitilie shaka. Lakini nikikumbuka vizuri, naona nilimpenda vile mtu anavyompenda anayetembea nyuma yake. Alikuwa akija nyumbani nimsomee barua za ofisini zilizoandikwa Kiingereza, nikawa namsomea polepole kuliko ilivyohitajika.

Nilipostaafu na kiinua mgongo kikaingia, ni yeye aliyeleta habari kwamba kuna mkulima mmoja mzee huko Mufindi anauza kindege chake cha viti viwili, kwa sababu magoti hayamruhusu tena kupanda. Bei yake haikuzidi ile ya Coaster iliyokwisha kutumika. Mama yako alisema, "Watu wa umri wenu wananunua ng'ombe." Lwitiko akamjibu, "Shemeji, ng'ombe tunao." Yeye aliuza pikipiki yake na parachichi za msimu mzima zikiwa bado mtini. Tukapanda basi kwenda Mufindi.

Nataka nikusimulie siku ile ya kununua, maana makosa yangu yote yalianzia pale.

Kindege kilikuwa ndani ya banda, chekundu, bawa juu, magurudumu matatu, kama mdudu mkubwa aliyetulia. Mimi nilikwenda moja kwa moja kukipapasa. Nikaingia, nikakaa, nikashika fimbo ya kuongozea, nikaona fahari. Nikasema, "Tunachukua." Lwitiko alimwomba yule mzee daftari la injini, akalipeleka kwenye mwanga, akalisoma ukurasa kwa ukurasa huku akifuata mistari kwa kidole. Kisha akaligeuza panga boi kwa mkono, taratibu sana, akainamisha kichwa kama daktari. Akalala chini akachungulia nyaya zinazokwenda mkiani. Akabonyeza kitambaa cha mabawa kila mahali kwa kidole gumba. Mwisho akapenyeza mkono kwenye mkia akatoa kiota cha panya.

Mimi nilikasirika. Nilidhani ananiharibia. Nilimvuta pembeni nikamwambia, "Unamchosha mzee wa watu. Unaona mwenyewe ndege ni nzuri."

Akasema, "Mwalimu, rangi hairuki."

Yule mkulima alisikia, akacheka, akatupunguzia bei, na mipira ya petroli iliyokuwa imepasuka akaibadilisha yeye mwenyewe siku ileile. Basi, ukija kununua cha kwako, nenda na mtu atakayelala chini. Usiende na baba yako.

Na kabla hujachanga na mtu, muulizane mambo ya aibu. Nani ataruka Jumamosi mkitaka wote? Mmoja akishindwa, mwingine afanyeje? Sisi tuliandikiana nani anunue petroli, nani alipie bima na ukaguzi wa kila mwaka, nani amlipe mtu wa kufyeka kiwanja. Vifaa tuliviandika mpaka plagi. Lakini hatukuandika kwamba huenda mmoja akawa rubani na mwingine asiwe. Hilo halikunijia kabisa. Kama lingenijia, ningejua tu kwamba atakayeshindwa ni yeye.

Mkufunzi wetu, yule mzee tuliyemwita Kapteni, ndiye aliyekirusha kindege kutoka Mufindi. Akakishusha kwenye kile kiwanja cha nyasi cha upande wa Suma ambacho shamba la chai lilikuwa limekiacha. Watu walitoka mashambani na majembe mabegani. Wewe ulikuwa shuleni, bweni. Nilikupigia simu nikapiga kelele mpaka matroni akauliza kuna msiba gani.

Kila mwisho wa juma Kapteni alikuja kutoka Mbeya kutufundisha. Nadharia nilikuwa wa kwanza. Lwitiko nilimfundisha mimi mwenyewe, jioni, mezani kwetu: mgandamizo, pembe ya bawa, upepo wa pembeni. Alihangaika nayo sana. Nilifurahi kumwona akihangaika. Sikulijua jambo hilo wakati ule, ila sasa nalijua, maana nakumbuka jinsi nilivyokuwa nikilala usingizi mzuri siku hizo.

Angani mambo yakageuka. Mimi nilikuwa naweza kupaa. Kugeuka niliweza. Kutua ndiko kulikonishinda. Ardhi ikija, mikono yangu ilikuwa inaivuta pua juu mapema mno, ndege inasimama hewani kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani, halafu inaanguka puu, inadunda. Kapteni aliniokoa mara nyingi kuliko nilivyokuambia. Siku moja hakuwahi, tukavunja gurudumu la mbele. Tuliposimama kwenye majani, alivua miwani akasema kwa upole kabisa, "Mwalimu, unajua kila kitu kuhusu ndege isipokuwa kuishusha."

Lwitiko alitua vizuri tangu juma la tatu. Mikono yake ilikuwa inajua. Nilikaa kwenye jiwe nikamtazama anakuja juu ya mistari ya chai, injini ikishuka sauti, magurudumu yakigusa nyasi bila hata kuzilaza. Nikapiga makofi. Viganja viliniuma kwa jinsi nilivyopiga.

Alipata leseni. Mimi nilisema macho yangu yamechoka, nikaacha. Uliamini hivyo, na mama yako aliamini hivyo. Macho yangu hayana tatizo. Nakuandikia hapa bila miwani.

Pengine ningeuzoea ule uchungu, kama usingerudi nyumbani baada ya kidato cha sita.

Siku yako ya kwanza kupanda naikumbuka kuliko unavyoikumbuka wewe. Ilikuwa asubuhi kavu, Mlima Rungwe umetoka wote, hakuna wingu. Ulinikabidhi simu yako na kandambili zako. Viti ni viwili, Tumpe. Nilisimama na kandambili mkononi nikatazama kiti changu kikiondoka na wewe ndani yake, na aliyekupeleka hakuwa mimi. Mlipita juu ya Kawetele mkapotelea nyuma ya kilima, nikabaki nasikiliza mlio, kisha hata mlio ukakatika. Wakati wote huo sikuogopa kwamba mtaanguka. Mzazi mzuri angeogopa. Mimi niliona wivu mtupu, ule wa mtoto mdogo ambaye wenzake wamekwenda sokoni wakamwacha.

Mliporudi ulikuja ukikimbia. Ukasema, "Baba, nimeiona nyumba yetu! Nimeona mpaka mawe uliyoweka juu ya bati la jiko! Ziwa Masoko ni duara kabisa, Baba, kama limechorwa kwa bikari!" Ulikuwa unaniambia mimi, lakini uso wako ulikuwa kwake. Ukamgeukia ukamuuliza, "Ba'mdogo, kesho tena?"

Ikawa kesho tena, na kesho kutwa. Mezani kwangu hakukuwa na habari nyingine. Ba'mdogo anasema ukungu wa Suma unapanda kwa ngazi. Ba'mdogo anasema upepo wa kutoka Ziwa Nyasa unaujua kwa moshi wa Kyela. Nilipojaribu kukueleza jinsi bawa linavyobeba, ulinikata katikati ukacheka, "Ba'mdogo anasema ndege unaisikia kwa makalio." Mama yako naye akacheka mpaka akaweka bakuli chini. Mimi nikatoka kwenda kuangalia kuku. Hakukuwa na neno la kuangalia kwa kuku.

Nikaanza kupenda mvua. Wewe unajua hapa kwetu mvua haiombwi, inakuja yenyewe. Lakini mimi niliiomba. Asubuhi nikisikia bati linalia, nilijigeuza upande wa pili nikalala kwa raha, maana leo hamtaruka. Baadaye nilianza kumwambia mama yako kwamba nina wasiwasi na usalama wako. Nilisema mpaka na mimi nikasadiki. Kama kuna kitu kimoja ningependa uende nacho, ni hiki: mtu akiona wivu hasemi anaona wivu. Anasema ana wasiwasi, au anasema anapenda haki, anasema kwa upole, na watu wanamsifu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Ulikuwa Mbeya siku zile kwa ajili ya usaili. Mimi na Lwitiko tulikuwa bandani tukibadilisha mafuta ya injini. Mzee Ambilikile, jirani yetu wa kiwanjani, alikuwa nje akiwafukuza ng'ombe wake. Lwitiko aliinuka ghafla, akashika bawa, magoti yakamwishia, akaanguka. Ambilikile alikuja mbio na kibuyu chake cha maji, tukamwagia. Hazikupita dakika mbili akakaa. Akatuomba sote wawili tusiseme. Akasema, "Nitakwenda hospitali mwenyewe. Na mpaka daktari aniambie, kindege hiki sitakigusa. Mtoto hapandi na mimi mpaka nipate jibu."

Na hakukigusa. Sikiliza hapo, Tumpe. Uliporudi alikuambia anasubiri kifaa kutoka nje. Kilikuwa kizunguzungu cha presha, akapewa vidonge, akaambiwa arudi baada ya miezi miwili, na akawa ameshatengeneza mpango wa kujipeleka mwenyewe kwa daktari wa marubani na karatasi zake zote. Aliniambia hayo yote, akaniuliza kama ningemsaidia kuandika maelezo kwa Kiingereza. Nikamwambia, "Bila shaka."

Juma lilelile nilipanda gari kwenda Mbeya, nikaingia kwenye stesheneri ambako hawanijui, nikamsomea binti wa kompyuta barua kwenda kwa wakaguzi wa anga. Nilisema kuna rubani huku Rungwe mwenye maradhi ya kuanguka, anayaficha. Halafu nikaongeza sentensi moja. Nilisema baada ya kuanguka huko alionekana akiruka na binti wa watu ndani. Yule binti wa kompyuta aliacha kuchapa akanitazama. "Jamani, si angemuua mtoto wa mwenzake?" Nikatikisa kichwa kwa huzuni. Chini hatukuweka jina. Tuliweka "Mwananchi mpenda usalama."

Wale maofisa wawili waliokuja walikuwa watu wa heshima, walifanya kazi yao. Walimkuta na vidonge mfukoni na daftari la rubani ambalo halikuandikwa kitu kuhusu kuanguka kule. Wakamuuliza kwa nini alificha, kwa nini alipakia mtu. Alisema hakupakia. Nani angemwamini? Hata wewe uliposema hukupanda, walidhani unamkinga. Wewe ulikuwepo. Ulisimama mlangoni mwa banda ukamwona akitoa leseni kwenye lile pochi lake la plastiki, akaifuta kwa kiganja kama ina vumbi, akawakabidhi.

Jioni ile mezani ulilia. Ukasema, "Aliyefanya hivi ana roho ya kichawi. Natamani nimjue." Mama yako akasema tuombe, na mimi ndiye niliyeongoza sala. Nilimwombea Lwitiko kwa sauti. Nilipofumbua macho ulikuwa umenishika mkono, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yako ya kwanza kunishika tangu uanze kuruka. Mungu anisamehe, Tumpe. Nilifurahi.

Walioona Lwitiko akianguka tulikuwa wawili tu. Kwa hiyo ilibidi awe Ambilikile. Lwitiko alikuja kuniuliza, "Unadhani ni yeye?" Ningeweza kukaa kimya tu. Badala yake nikasema, "Si unakumbuka ndama wake alivyovunjika mguu kwa kuogopa ndege?" Tangu siku ile Lwitiko hakumsalimu Ambilikile. Wewe nawe hukumsalimu. Nilikuona njiani ukivuka upande wa pili, wewe niliyekulea kupiga goti kwa kila mzee.

Ambilikile alinijia siku moja shambani. Alisimama kwenye mtaro, kofia mkononi. Akasema, "Gwe Mwalimu, waambie. Mimi ningeandikaje? Hata jina langu naweka dole gumba."

Nilimwangalia usoni nikamjibu, "Wapo watu wa kuandikiwa, mzee."

Katika yote niliyofanya, hilo ndilo linaloniamsha.

Juma lililopita chuo kilipokuletea barua ya kukupokea, Lwitiko alicheza pale uani kwetu kama kijana. Akapiga vigelegele vya kike. Nilipomwona hivyo, mtu niliyemwondolea anga lake, anacheza kwa sababu wewe unalipata, nikajua siwezi kukaa nalo tena. Jumatatu tulikwenda bandani kama kawaida kuwasha injini, maana injini isipowashwa inakufa. Alipoizima nikamwambia. Nilimwambia yote, mpaka habari ya ndama.

Alifunga koki ya petroli. Akafuta mikono, kidole kimoja kimoja. Akaniuliza, "Ile ya kwamba nilimpakia mtoto baada ya kuanguka. Uliiona wapi?"

"Sikuiona."

"Uliiandika tu."

"Niliiandika tu."

Akasema, "Ungeandika nimeanguka, ningekusamehe hapahapa, maana nilianguka kweli. Lakini wewe uliandika kwamba ningeweza kumuua Tumpe." Akanisogelea. "Kwa nini? Nilikukosea nini?"

Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi. Yaliyotoka yalikuwa, "Ulikuwa unatua vizuri."

Nilidhani atanipiga. Ningependa angenipiga. Alichukua koti lake akasema, "Mwambie mwenyewe kabla hajaondoka. Usinitume mimi, wala usimtume mama yake. Na leo usinifuate." Akaondoka kwa miguu, na mvua ile, mimi nikabaki na funguo za banda. Hajaja nyumbani tangu siku hiyo. Ulipouliza nikasema ana mafua. Huo nao ni uongo, na ni wa mwisho niliokuambia.

Jumanne nilimwambia mama yako. Umeona mwenyewe tangu siku hiyo ananipakulia chakula bila kuniita. Jumatano niliandika barua nyingine kwa wakaguzi, safari hii kwa mkono wangu, na jina langu, na namba ya simu, nikasema sentensi ile ni ya uongo na aliyeitunga ni mimi. Sijui watafanya nini. Presha bado ni presha, huenda wasimrudishie. Lakini katika makaratasi yao hataandikwa tena kwamba alihatarisha mtoto.

Jana nilikwenda kwa Ambilikile. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe, hakuacha kukata. Nilipomaliza akasema, "Umekuja peke yako, Mwalimu? Jina langu uliliharibu mbele ya watu." Basi Jumapili, baada ya ibada, kabla watu hawajatawanyika, nitasimama niseme. Wewe utakuwa umeshafika mbali. Utasikia habari kwa simu, kutoka kwa watu watakaozitia chumvi, kwa hiyo nimetaka uzipate kwangu kwanza. Kesho alfajiri gari litapita mbele ya nyumba ya Ambilikile. Ukiona vyema, liombe lisimame. Sikuamrishi.

Hisa yangu ya kindege nimemwandikia Lwitiko. Karatasi iko kwa mama yako. Huenda akaikataa, na akiikataa atakuwa na haki.

Sikuombi unisamehe katika barua. Nimeona barua zinavyoweza kufanya kazi, siziamini tena. Utanisamehe au hutanisamehe kwa wakati wako, na mimi nitakuwa hapahapa.

Niseme na hili moja, ambalo baba hapaswi kumwambia mtoto wake. Wivu haujaisha. Nilitegemea kwamba nikikiri utaniachia, kama jipu likitumbuliwa. Haujaniachia. Naandika hapa nakusikia unacheka, nami nawaza kwamba kuna mtu atakaa kiti cha pembeni yako huko, atakufundisha, utamtajataja kwenye simu, na mimi nitamchukia mtu nisiyemjua. Nakuonea wivu na wewe pia. Una miaka ishirini na una mikono itakayojua kushusha ndege. Nawe huko utakutana na wenzako watakaoweza kile kitakachokushinda. Siku hiyo ikifika, mtafute mtu mmoja unayemwamini, umwambie waziwazi, "Namwonea wivu fulani." Utaona aibu, atakucheka. Ningefanya hivyo na mama yako jioni ile ya kuku, angenicheka mpaka kesho yake, na Lwitiko angekuwa anaruka.

Nasikia umeshinda. Mama yako anazitoa ndizi kwenye begi. Nitakuja sasa hivi kukaa nanyi, na bahasha hii nitaiweka chini ya vyeti vyako, uione leo usiku ukifunga begi, uisome kabla hujalala.

Kuna siku, miezi kadhaa kutoka sasa, mwalimu wako atashuka, afunge mlango, akuambie nenda peke yako. Utazunguka kiwanja, utatua, utazima injini, na utataka kumpigia mtu. Mpigie Lwitiko kwanza. Kaa naye kwenye simu kwa muda wote mtakaotaka, mwambie upepo ulikuwaje, mwambie ulivyoisikia. Ukimaliza, kama bado una salio, nipigie mimi. Nitakuwa nimeshajua, maana atapiga vigelegele mpaka huku vitafika. Lakini nitapokea kama sijui.

Baba yako